Dawa Yangu Katika Friji ya Wifi

Kama umetoka hospitali juzi, umeambiwa una kisukari, ukapewa chupa ya dawa na bomba la sindano, ukaambiwa nenda nyumbani ukajichome mwenyewe, haya nayaandika kwa ajili yako. Mambo ya kongosho watakueleza wenye kazi yao. Mimi nitakueleza habari za watu wa nyumbani kwako, hao hao wanaokupenda. Na ukiona nasema kwa hasira, ndiyo, nina hasira. Miaka imepita mingi na ninayo bado, wala sioni aibu kuwa nayo.

Mimi ni Mfipa. Nimezaliwa kijijini upande wa Matai, nikaolewa Sumbawanga mjini, tukapanga nyumba mtaa wa Chanji. Ugonjwa ulinianza mwanangu wa pekee, Sesilia, akiwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Ilikuwa kiu. Nakunywa maji mpaka tumbo linapiga kelele, halafu nakwenda chooni, narudi, nakunywa tena. Mkojo ukidondoka kidogo pale nje, sisimizi hao, wamejipanga foleni. Nikaanza kukonda. Miaka ile, mtu akikonda hakuna aliyewaza kitu kingine isipokuwa ule ugonjwa. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walianza kunisalimia kwa mbali, na aliyezoea kuazima ungo wangu akaacha kuazima. Kwa hiyo siku daktari aliponiambia ni sukari, mwenzenu nilifurahi! Mume wangu, Baba Sesi, alinunua soda tupongezane, akafungua, akanimiminia, ndipo akakumbuka. Akainywa mwenyewe yote huku ananiangalia kwa huruma.

Nesi wa kliniki ya sukari alinifundisha kujichoma pajani. Halafu akaniuliza, "Nyumbani una friji?"

Nikacheka, nikamwambia sina. Nyumbani hata taa ya umeme hatukuwa nayo.

"Basi usihangaike," akasema. "Tafuta chungu, weka mchanga mbichi, dawa ikae humo. Ufipa hii, baridi tunayo ya bure."

Zingatia hapo. Nilisema sina friji, akanieleza habari za chungu, basi. Habari za friji hakunieleza, maana za nini?

Mama yangu alinitumia chungu kutoka kijijini kwa lori la mahindi. Tukakifukia nusu yake kwenye kona ya chumba cha kulala, mchanga mbichi chini, chupa ya insulini ndani ya kikopo, kitambaa chenye maji juu ya mdomo wake. Kila nikirudi kisimani nilimwagia mchanga maji kidogo. Asubuhi najichoma, nakula uji wa ulezi, nakwenda shamba. Jioni najichoma, tunakula ugali na maharage. Nikanenepa. Mavuno manne niliyavuna mimi mwenyewe kwa mikono yangu, na gunia nilibeba. Nataka ujue hivyo, kwamba nilikuwa mzima. Chungu kile kilinilea.

Sasa shida ya chungu ni kwamba tunaishi Sumbawanga. Watu wa mikoa mingine wakisikia tu jina la mji wetu wanaanza kusimuliana habari za uchawi, za radi zinazopigwa kiangazi, na sisi wenyewe tunacheka, lakini ndani hatuchekagi sana. Siku moja jirani aliingia chumbani kunisaidia kubadilisha shuka. Akaona chungu kimefukiwa, kitambaa chenye maji juu, na mimi ndiyo namaliza kuchomoa sindano pajani. Alitoka bila kuaga. Haikufika Jumapili, mume wangu akaulizwa kilabuni, "Mwenzetu, huko kwako chumbani mnafuga nini?"

Ndipo wifi yangu alipojitokeza. Wifi Modesta, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, kwa hiyo neno lake kwetu lilikuwa kama neno la mkwe. Alikuwa ameolewa na mfanyabiashara wa Mbeya, mtu mpole wa kushughulika na vitu vyake. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu kaachiwa kufanya biashara. Maduka yalijaa vitu, mifuko ya wengine ikawa mitupu: mume wangu alikuwa karani wa ushirika, akapunguzwa kazi na wenzake, akabaki kuzungukazunguka mjini kutafuta maharage ya kulangua. Nyumba ya wifi ndiyo iliyopanda. Shemeji, huyo mume wake, alileta friji kutoka Tunduma, ya rangi ya maziwa, ndefu kunizidi. Wakaiweka sebuleni, mkabala na mlango, ili anayepita barabarani aione. Juu yake kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Na ilikuwa na kufuli lake, ufunguo ukiwa shingoni mwa wifi pamoja na rozari.

"Mama Sesi," aliniambia, "dawa ya hospitali unaifukia ardhini kama ya mganga! Unataka wamchomee ndugu yangu nyumba? Leta hiyo dawa kwangu. Friji ipo, ya nini kuteseka?"

Mume wangu akasema dada ana akili. Nami nikaona sawa. Sitajifanya kwamba nilijua. Friji ni friji. Hospitali wenyewe dawa zao zinakaa kwenye friji. Nilibeba kikopo changu nikakipeleka kwa wifi, mtaa wa pili, na chungu tukakifukua. Baba Sesi alikibeba juu ya kichwa mchana kweupe, kila mtu amwone, akakipasua jalalani.

Kuanzia siku hiyo mimi nikawa mtu wa kupiga hodi asubuhi na jioni. Hujui kuomba mpaka uombe kitu kilicho chako. Nafika, "Shikamoo dada." "Marahaba, keti." Naketi. Kuna mteja wa soda, namsubiri. Kuna mteja wa maziwa, namsubiri. Wifi akiwa anasuka, namsubiri. Wageni wakiwepo ananitambulisha: "Huyu ni mke wa mdogo wangu, ana sukari, dawa zake nazitunza mimi." Wageni wanasema, "Mungu akubariki, mama." Wanambariki yeye. Mimi nakunja sketi kwenye kona ya sebule najichoma mbele ya picha ya Bikira Maria na watoto wa watu wanaokunywa soda.

Lakini niseme ukweli wote, alikuwa ananijali. Asubuhi nikifika nilikuta chupa yangu imeshatolewa, imekaa ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu, imefunikwa kisahani. "Nakupashia isikuume," alisema. Nikashukuru. Nilimsifia hata kwa mama yangu.

Msimu wa mvua ukaisha, upepo wa kipupwe ukaanza. Wifi naye alikuwa ameanza biashara mpya: migebuka mibichi, samaki wa ziwani kutoka Kipili, inakuja na lori, anaigandisha, anauza kidogo kidogo. Na mimi nikaanza kurudi nyuma. Kwanza kiu. Nikasema labda ni vumbi. Halafu mkojo, halafu sisimizi. Sketi nikaifunga kwa kipande cha kitenge, baada ya wiki chache kipande kile nikakiongezea fundo. Miguu inawaka moto usiku kucha, asubuhi siisikii. Nilikuwa mshonaji wa vitambaa. Uzi ukawa hauingii tena kwenye tundu la sindano, nikabaki nachoma hewa. Kidonda kidogo cha jembe kwenye kidole kikakataa kufunga.

Dawa nayo ilikuwa na chengachenga, kama maziwa yaliyoanza kukatika. Nikamwambia wifi. "Tikisa," akasema. Nikatikisa. Ilikuwa na harufu ya samaki, lakini pale kwake kila kitu kilinuka samaki, hata rozari.

Kliniki tulikuwa tunakaa kwenye benchi refu la mbao, tunasogea makalio kwa makalio kuelekea mlangoni. Nesi, yule yule, alitoka na majibu yangu mkononi. Hakunisubiri niingie.

"Mama, sukari iko juu sana. Unakula nini?"

"Uji, ugali, maharage, mboga."

"Na chai?"

"Kavu. Sitii kitu."

"Mama."

"Sitii kitu, nesi!"

"Kipimo hakidanganyi."

"Na mimi ndiye nadanganya?"

Benchi zima likageuka. Mzee mmoja, mgonjwa mwenzangu, akaniangalia kwa macho ya huruma, akasema, "Binti, tamaa ya sukari tunaijua wote. Jikaze." Huruma ile ilinichoma kuliko kofi. Nesi akaniongezea kipimo cha dawa. Nikajichoma maji mengi zaidi, maana ndicho nilichokuwa najichoma, ila sikujua bado.

Basi nyumbani ikawa vita. Nesi alikuwa amesema, na wifi alikuwa pale kanisindikiza, amesikia kwa masikio yake. Baba Sesi akaanza kunusa vikombe. Mtu niliyelala naye miaka yote hiyo, ananyanyua kikombe changu mezani, anakiweka puani! Kopo la sukari likahamia juu ya kabati, nyuma ya sanduku. Nikichelewa kurudi sokoni, naulizwa nimepitia duka gani. Nikienda msibani, wifi anaagiza niandaliwe chakula changu na mtu wa kunitazama nikila. Nililia, nikaapa kwa jina la baba yangu marehemu. Wakasema ona, hata marehemu anamsingizia.

Jamani, unajua kuambiwa kwamba unajiua mwenyewe, na wewe ndiye unayetaka kuishi kuliko wote waliomo humo ndani? Nilifika mahali nikaacha chai kabisa. Nikaacha uji. Nikawa nakula mboga za majani na chumvi kama mbuzi, na bado sukari ikapanda, na bado wakasema nakula kwa siri.

Siku niliyoanguka ilikuwa siku ya kupukuchua mahindi. Nakumbuka gunzi mkononi, nakumbuka natapika, halafu sikumbuki. Nilizindukia wodini, mdomo umekauka kama ubao, mpira wa maji umechomekwa mkononi. Waliniambia nilikuwa napumua kwa pupa na mdomo unanuka kama matunda yaliyooza. Pale wodini nilichomwa dawa ya hospitali. Na nikapona! Sukari ikashuka, kiu ikakatika, nikaanza kuona nyuso za watu mlangoni. Sikutimiza hata wiki mbili nikawa natembea kwenda kuoga.

Ungesema sasa watu watajiuliza. Dawa ni hiyo hiyo, jina hilo hilo, mbona hapa inafanya kazi na kule haifanyi? Hakuna aliyejiuliza. Wifi alisimama kwenye miguu ya kitanda changu, mikono kiunoni, akamwambia mume wangu, "Umeona? Hospitalini hapati pa kuiba sukari, kapona." Na daktari aliyepita akatikisa kichwa kukubali. Na mimi mwenyewe, nisikilize vizuri, mimi mwenyewe nilianza kuwaza kwamba labda naamka usingizini nakwenda kulamba. Ndipo walipokuwa wamenifikisha.

Niliporudi nyumbani sikumkuta Sesilia. Alikuwa na miaka sita wakati huo, ndiyo kaanza shule ya vidudu. Nguo zake hazipo kwenye kamba, daftari lake halipo.

"Yuko kwa dada," alisema Baba Sesi, anaangalia ukuta. "Atakaa huko mpaka utakapoacha."

"Niache nini?"

"Mama Sesi, usianze."

Nilikwenda mbio, na mbio zenyewe ni zile za mtu aliyetoka wodini, nashika kuta. Wifi alikuwa na wavulana wakubwa, wako bweni. Mtoto wa kike hakujaliwa, na sitaki kusema zaidi ya hapo. Alikuwa ameketi sebuleni na Sesilia mapajani, kamsuka upya, kamvalisha gauni jipya. Mume wangu akaingia nyuma yangu. Wifi akasema ni vizuri tumekuja wote wawili, maana kuna neno.

"Sesi mwanangu, baba yuko hapa, usiogope. Mama ulimwona akilamba sukari?"

Mtoto akaniangalia. Akamwangalia baba yake.

"Sema tu. Ukificha mama atakufa, halafu utabaki na nani? Alilamba?"

"Ndiyo," akasema.

"Kwa kijiko au kwa kidole?"

Akafikiri, maskini wa Mungu. Akachagua. "Kwa kidole."

Wifi akavua ufunguo shingoni, akafungua friji, akampa kibarafu cha rangi nyekundu. Mtoto akashika kwa mikono miwili, akaanza kunyonya.

Watu huniuliza mbona hukumrukia. Ningemrukia kwa nguvu zipi? Mume wangu alikuwa analia, mwanamume mzima, analia kwa sababu mkewe ni mwizi wa sukari. Nikageuka nikarudi nyumbani peke yangu, na kesho yake asubuhi nikarudi tena kupiga hodi, kwa sababu dawa yangu ilikuwa mle, na sasa na mwanangu pia.

Kiu ikarudi. Bila shaka ilirudi.

Septemba jua lilipoanza kuchoma, jumuiya yao ilipata msiba, wifi akaondoka alfajiri na wanawake wenzake kwenda kupika. Ufunguo akamwachia mumewe. Nilipofika, shemeji alikuwa amevaa fulana tu, anapiga mswaki.

"Ah, shemeji, karibu. Sindano, eti? Ngoja."

Akafungua kufuli la friji. Mlango mkubwa akaupita. Akafungua kile kimlango cha juu, cha kugandishia, akatoa migebuka mitatu iliyoshikana kama kuni zilizofungwa kamba, akaiweka chini, akachokonoa barafu kwa kisu. Akatoa kikopo changu. Ndani ya kikopo, chupa yangu. Akanipa.

Ilikuwa jiwe. Nikaigeuza juu chini, haikutingishika kitu. Ilikuwa nyeupe yote, imeshikana, na theluthi ya lebo imebanduka kwa barafu.

"Shemeji, hii mbona hivi?"

"Si ndivyo inavyokaa? Modesta huitoa mapema anaipasha kwenye kikombe. Mimi sijui muda wake, nimechelewa kuamka, nisamehe."

"Tangu lini inakaa huku juu?"

Akafikiri na mswaki mdomoni. "Tangu umeme ulivyoanza kukatikakatika. Alisema huku juu baridi haitoki upesi, dawa ya Mama Sesi isije ikaharibika. Anaijali sana dawa yako, we! Bora samaki waoze."

Sikujichoma siku ile. Nilifunga chupa kwenye khanga nikaenda hospitali kwa miguu, na nilipofika haijayeyuka yote. Sikukaa kwenye benchi. Waliokaa wakapiga kelele, nikawapita, nikaingia, nikaiweka mezani kwa nesi, ikalia ko kwenye ubao. Aliitazama. Akaishika, akaiachia.

"Mama, insulini ikiganda imekufa. Hii haina kazi. Hata ukiiyeyusha ni maji tu." Kisha akapandisha sauti. "Nani alikwambia uigandishe?"

"Nani aliniambia nisiigandishe?"

Akaishika tena ile chupa.

"Nilikuambia sina friji, ukaniambia chungu. Baadaye nikaja hapa miezi na miezi nimekonda hivi, ukaniuliza nakula nini. Mara ngapi uliniuliza nakula nini? Umewahi kuniuliza hata mara moja dawa inakaa wapi?"

Waliokaa kwenye benchi nje walikuwa wanasikia kila kitu, na mimi nilitaka wasikie. Nesi alinipa chupa mpya. Alinipa kwa mikono miwili, macho chini. Sikumshukuru.

Kutoka pale nilikwenda msibani. Najua, msibani hakufanywi hivyo. Nilimkuta wifi jikoni, anasonga ugali kwenye sufuria kubwa, nikamwambia mbele ya wanawake wote alichokuwa ananifanyia. Nilipaza sauti. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa kwa sababu watoto wanaweza kusoma. Mwiko ukamponyoka.

"Mimi?" akasema. "Mimi niliyekuwa naamka kabla ya kuku kukupashia dawa?"

Na ndivyo ilivyokuwa, alikuwa anaamka kweli.

Ukoo ukaitisha kikao. Umesikia? Nilipokuwa nakufa hapakuwa na kikao; nilipopiga kelele kikao kikapatikana. Baba mkubwa wa mume wangu akaja kutoka kijijini kuketi mbele. Alisikiliza pande zote, akakuna ndevu, akasema dada alifanya kwa nia njema, hakujua, nesi hakueleza, ni bahati mbaya. Lakini mimi nimemvunjia heshima mkubwa wangu mbele za watu, tena msibani, kwa hiyo nimwombe radhi, tule chakula, yaishe.

"Shikamoo baba mkubwa," nikasema, nikapiga goti, maana adabu nilifundishwa. "Kuhusu kelele za msibani, namwomba wifi radhi, pale palikuwa si mahali pake. Kuhusu friji, nia yake njema nimeikubali, hakujua, na mimi sikujua. Sasa naomba kuuliza. Mtoto wangu aliulizwa kijiko au kidole. Hilo nalo wifi alikuwa hajui?"

Baba Sesi aliinama mpaka paji la uso likakaribia magoti.

"Watoto wanaona vitu," wifi akasema taratibu.

"Aliona nini?"

"Alisema mwenyewe."

"Ulisema wewe. Wifi, sukari yangu ilipanda kwa sababu ya dawa iliyokufa, nesi ameshathibitisha, hata mumeo anajua. Kwa hiyo mtoto aliona nini?"

Baba mkubwa akasema mambo ya watoto tuyaache. Mimi nikasimama, nikaenda uani, nikamshika mwanangu mkono, tukaondoka hivyo hivyo, yeye na gauni lake jipya. Hakuna aliyetuzuia. Na mpaka leo hii hakuna hata mmoja katika kikao kile aliyewahi kuniambia, Mama Sesi, tulikusingizia. Kuku nimeletewa. Khanga nimeletewa. Neno hilo sijaletewa.

Nilinunua chungu kingine sokoni siku hiyo hiyo. Nikakifukia pale pale, nikafungua na dirisha, anayetaka kuchungulia achungulie. Mvua za kwanza ziliponyesha nilikuwa napanda maharage, nimesimama kwa miguu yangu. Jicho moja halikurudi lote, na kidole kimoja cha mguu nilikiacha hospitali, lakini nipo.

Kwa hiyo wewe uliyetoka hospitali juzi, fanya hivi. Dawa yako ikae mahali ambapo mkono wako unafika bila kumpigia mtu hodi. Uijue ilivyo ukiipokea, na siku ikibadilika sura, usitikise, rudisha. Isigande, hata mara moja. Nenda nayo kliniki, waone inavyofanana. Na wakikuambia unadanganya wakati unajua hudanganyi, piga kelele mapema kuliko mimi. Mimi nilikuwa na adabu kwa muda mrefu mno.

Sasa nimalizie na Sesilia.

Ilikuwa mchana, wiki kadhaa baada ya kurudi kwake, tumekaa kwenye mkeka uani tunachambua maharage ya mbegu. Nimeshaanza kunawiri. Akaniangalia usoni, akatabasamu, kang'oka jino.

"Mama, siku hizi umeacha, eh?"

"Nimeacha nini, mwanangu?"

"Kulamba sukari."

Nikaweka ungo chini. Nikamwambia taratibu kwamba mama hakulamba sukari, kwamba dawa ndiyo iliharibika, kwamba shangazi alikosea na yeye alijibu tu kwa kuogopa, na si kosa lake. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa makini sana.

"Lakini mimi nilikuona," akasema. "Ulisimama pale kwenye kabati. Ulinipa mgongo. Ulichovya kidole, halafu ukageuka ukaniambia nisimwambie baba."

Hakuwa anasema uongo. Nilimtazama machoni, hakuwa anasema uongo. Alikuwa anakumbuka.

Sasa ni mtu mzima, ana watoto wake, na hakuna mtoto anayemtunza mama yake kama yeye. Nimemweleza nikiwa na hasira, nimemweleza kwa upole, nimemweleza na baba yake akiwepo. Hunishika bega, anasema, "Mama, si yalishapita?" Na kila akija kunisalimia, chai yangu hunimiminia mwenyewe, na kabla hajanipa kikombe, huonja kwanza.